Shajara ya tajnisi: kutoka karakana ya Moshi hadi cheti cha uraia, 2021–2024

Shajara hii nimeiweka kwa ajili ya wenzangu waliozaliwa ng'ambo ya Holili, mpakani na Kenya, wakaoa au wakafungua kazi Moshi, na ambao wamekuwa wakiniuliza njia niliyopita kupata uraia wa Tanzania kwa tajnisi, yaani kwa mgeni kuomba na kukubaliwa. Kila sehemu niliiandika hatua ilipokamilika, mistari michache nikaiongeza baadaye, na makosa nimeyaacha kama yalivyotokea. Ada za Serikali sizitaji kwa sababu hubadilishwa kwa tangazo na kila mtu anapaswa kulipa kiasi kinachosomeka kwenye bili yake. Ninazozitaja ni gharama zangu za pembeni, ambazo hakuna bili inayozionyesha mapema.

14 Machi 2021: Kuhesabu siku

Nilizaliwa Taveta, Kenya, kwa wazazi Wataita waliofuata kazi ya mkonge. Tangu 2012 ninaishi Moshi, ambako nina karakana ya pampu za maji, na wateja wangu wengi ni wakulima wa mpunga wa Mabogini na Chekereni. Mke wangu ni Mtanzania na watoto wetu watatu wamezaliwa hapa, kwa hiyo nyumbani kwangu wote ni raia isipokuwa mimi. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, Sura ya 357, inampa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania njia yake mahususi, lakini mwanamume wa kigeni aliyeoa Mtanzania hupita njia ile ile ya tajnisi wanayopita wageni wengine wote. Mambo hayo mawili watu huyachanganya sana, na mimi mwenyewe nilipoteza mwezi mzima nikitafuta fomu isiyonihusu.

Sharti la ukaazi lina sehemu mbili. Mwombaji awe ameishi nchini mfululizo kwa miezi 12 kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe ameishi humu kwa jumla isiyopungua miaka 7. Miezi 12 haikunisumbua, kwa kuwa Kenya ilipofunga mpaka wake na Tanzania kwa abiria mwezi Mei 2020 niliacha kabisa mazoea ya kwenda na kurudi. Kilichonisumbua ni ile miaka 10. Nilikusanya pasipoti zangu mbili za zamani, nikakaa mezani na mtoto wangu mkubwa, yeye akisoma mihuri na mimi nikiandika. Tangu kituo cha pamoja cha Holili na Taveta kizinduliwe mwaka 2016, mihuri ya nchi zote mbili hugongwa katika jengo moja, na kwenye pasipoti ya mtu anayevuka kila wiki mihuri hiyo hukaa juu kwa juu hadi tarehe zikapoteana.

Hesabu ya kwanza ilinivunja moyo. Miaka 10 ni siku 3,653. Nikatoa siku 850 za mwanzoni, nilipokuwa bado naishi Taveta, nikabaki na 2,803. Kisha nikatoa kila siku niliyovuka mpaka kwenda sokoni au kumwona mama, siku 264, nikapata 2,539, na miaka 7 ni siku 2,557. Nilifunga daftari nikiamini kwamba natakiwa kusubiri zaidi. Wiki iliyofuata afisa wa dawati la uraia aliniuliza swali moja tu: siku hizo 264 nililala wapi? Nyingi nililala Moshi. Nikarudia hesabu kwa kutoa zile tu nilizolala nje, zikawa 91, na jumla ikawa siku 2,712. Fanyeni hesabu hii kwa usiku mliolala, na muiandike kwenye jedwali lenye safu ya ukurasa wa pasipoti, kwa sababu anayelipitia jalada hana muda wa kuanza kufumbua mihuri.

2 Juni 2021: Majina

Hapa ndipo nilipokosea kwa gharama kubwa kuliko nilivyodhani. Cheti changu cha kuzaliwa kina majina matatu kwa mpangilio wa jina langu, la baba, na la ukoo, na la ukoo lina "gh" kama tunavyoandika kwa Kitaita. Pasipoti ilitanguliza jina la ukoo. Kibali cha ukaazi kilifuata pasipoti lakini kikaandika "g" peke yake, na kitambulisho changu cha mkaazi mgeni cha NIDA, Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, kikanakili kibali. Cheti cha ndoa kina majina mawili tu. Kwa miaka tisa nilikuwa nimeishi na vyeti vitano vyenye majina ya namna nne bila mtu kunihoji.

Nilikwenda kwa wakili mmoja, nikamweleza kwamba nataka majina yangu "yawekwe sawa", naye akaniandalia hati kwa shilingi 40,000. Niliisaini bila kuisoma kwa utulivu. Nilipoiwasilisha kukaguliwa nikaambiwa kwamba hati hiyo ni ya kubadili jina: inasema nimeliacha jina la zamani na kuanzia siku ile najulikana kwa jina jipya. Ingekubaliwa, cheti changu cha kuzaliwa kingekuwa cha mtu ambaye kisheria nimeshaacha kuwa yeye, na vyeti vya watoto vingemtaja baba mwingine.

Nilichohitaji ni hati ya kiapo inayothibitisha kwamba namna zote nne za majina ni za mtu mmoja, na kwamba yale ya cheti cha kuzaliwa ndiyo yatakayotumika tangu sasa. Wakili wa pili aliiandika kwa shilingi 50,000, akaambatisha nakala ya kila cheti na kuipa kila moja namba inayotajwa ndani ya kiapo. Mwambieni wakili kwa maneno hayo hayo, "kuthibitisha kuwa ni mtu mmoja", na msome kila mstari mbele yake kabla ya kalamu kugusa karatasi.

23 Agosti 2021: Tangazo la gazetini

Mwombaji hutangaza nia yake katika matoleo mawili ya gazeti yanayofuatana, ili mwenye sababu ya kupinga aandike na kusaini maelezo yake na kuyapeleka kunakohusika. Nililipa shilingi 240,000 kwa matoleo yote mawili. Maandishi niliyatuma kwa simu, nikiwa chini ya pampu ya mteja mikono imejaa grisi, nikitumia ujumbe wa zamani ambao bado ulikuwa na jina la ukoo lenye "g". Matoleo yote mawili yakatoka hivyo. Gazeti liliandika nilichotuma, kwa hiyo sikuwa na wa kumdai, na nikalipa tena shilingi 240,000.

Safari ya pili niliandika kwa mkono nikiwa na cheti cha kuzaliwa mbele yangu, mke wangu akasoma herufi moja moja, na niliomba nione ukurasa kabla haujachapwa. Kata pia ukurasa mzima ulio na jina la gazeti na tarehe yake. Mara ya kwanza nilikata kisanduku cha tangazo peke yake, na kipande kisicho na tarehe hakithibitishi chochote.

11 Oktoba 2021: Maombi yamepokelewa

Fomu, picha, wadhamini, nakala zilizothibitishwa, cheti cha tabia njema cha hapa na cha Kenya, jedwali la siku, vithibitisho vya kodi ya karakana, na barua ya chama cha wakulima ninaowatengenezea pampu. Barua hiyo naitaja peke yake kwa sababu sheria inataka ionekane mwombaji amechangia nini katika uchumi, ufundi au utamaduni wa nchi, na watu wengi huandika hapo sifa za jumla. Wakulima waliandika idadi ya pampu nilizozitengeneza kwa misimu minne na majina ya mifereji iliyokuwa inazitegemea. Nilipewa stakabadhi, nikaipiga picha siku ile ile.

27 Mei 2022: Kata, wilaya, mkoa

Ombi hupita kwenye vikao kuanzia kata, kisha kamati za wilaya na mkoa. Kwenye kata niliulizwa mambo ambayo hayasomwi vitabuni: mwenyekiti wangu wa mtaa ni nani, jirani akihamisha mpaka wa kiwanja naanzia kwa nani, msiba ukitokea mtaani nachangia wapi. Wazee wawili waliokuwa pale niliwahi kuzika nao. Sikuhitaji kujieleza sana.

Ngazi ya juu nilihojiwa kwa Kiswahili, ambacho pamoja na Kiingereza ndizo lugha zinazokubaliwa na sheria. Niliulizwa kuhusu Muungano wa 26 Aprili 1964, Mwenge uliopandishwa Kilimanjaro usiku wa Uhuru, 9 Desemba 1961, na Azimio la Arusha la 1967. Yote niliyajibu. Nilipoulizwa Tanzania ina mikoa mingapi nikasema 30, kwa sababu nilikuwa nimejifunza kwenye kitabu cha shule alichokiacha shemeji yangu, na kitabu hicho kilichapwa kabla ya Songwe kuwa mkoa mwaka 2016. Jibu ni 31, yaani 26 ya Bara na 5 ya Zanzibar. Mwenyekiti alinisahihisha kwa upole tukaendelea, lakini nilitoka na uzito moyoni, na kwa miezi kadhaa nilipoulizwa habari za ombi langu nilifikiria mkoa huo mmoja. Someni kwenye chapisho la karibuni.

19 Septemba 2022: Jalada limekwenda Dodoma

Kuanzia leo hakuna ninachoweza kuongeza. Uamuzi wa tajnisi ni wa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi. Sheria haimlazimishi kutoa sababu anapokubali au anapokataa, na uamuzi wake haukatiwi rufaa mahakamani. Nimeona niandike jambo hilo waziwazi, kwa kuwa mtu akilijua mapema anasubiri kwa namna nyingine kabisa kuliko anayedhani kwamba kuna mlango wa pili.

3 Aprili 2023: Kibali kinachoisha

Miezi sita ya kwanza nilikwenda kuulizia kila wiki. Kila safari ilikula nusu siku ya kazi, na jibu lilikuwa lile lile, kwamba jalada halijarudi; watumishi walinijibu kwa heshima kila mara, na ni mimi niliyekuwa nikiwarudisha kwenye swali wasilokuwa na jibu lake. Mwisho nilipanga utaratibu wa barua moja kila baada ya miezi sita, fupi, yenye namba ya jalada, nakala yake ikigongwa muhuri wa kupokelewa.

Wakati huo kibali changu cha ukaazi kilikuwa kinakaribia kuisha, na karibu kila niliyemuuliza, wakiwamo watu wawili waliokwisha kupata uraia, aliniambia nisipoteze fedha kuhuisha kitu ambacho "kesho kutwa hutakihitaji". Maneno hayo yalinikaa kichwani kwa wiki tatu, kwa sababu mwezi ule biashara ilikuwa mbaya na fedha ya kibali ingenunua vipuri vya msimu mzima. Baba mkwe ndiye aliyenizindua. Alisema, "Baba, unaomba kuingia nyumbani kwa watu, halafu unavunja sheria yao ukiwa bado uko barazani?" Nilihuisha kibali na kile cha kazi pia, na katika kuhuisha nikaomba jina la ukoo lirekebishwe kuwa "gh" kwa kutumia ile hati ya kiapo.

Tangu siku hiyo hadi barua ya uamuzi iliponifikia mkononi ilipita miezi tisa. Ningekuwa nimeacha kibali kife, ningekutwa na uamuzi nikiwa mkaazi asiye halali, na sijui ningesimama mbele ya nani kueleza kwamba nilifuata ushauri wa marafiki. Katika shajara hii yote, hiki ndicho ninachoomba mkizingatie kuliko vyote: kibali kibaki hai mpaka cheti cha uraia kiwe mkononi.

8 Januari 2024: Simu iliyokuwa kimya

Barua ya uamuzi ipo. Ilikuwa imefika wiki saba kabla sijajua.

Mwezi Septemba simu yangu iliibwa kwenye kituo cha mabasi, na kwa kuwa laini ile ilikuwa na deni la mkopo lililokuwa linanisumbua, niliamua kusajili laini mpya badala ya kuirudisha ya zamani. Wateja niliwajulisha wote, nikabandika namba mpya kwenye mlango wa karakana, na jalada langu halikunijia akilini hata mara moja. Lilikuwa na namba ile ile ya 2021. Nilikuja kujua leo nilipopeleka barua yangu ya kila miezi sita: kijana wa masijala alisoma namba ya jalada, akanyamaza, akainuka, akarudi na bahasha ya kaki yenye jina langu, matatu yote, na "gh" ikiwa mahali pake. Akasema, "Mzee, tulikupigia sana."

Nimeandika barua ya kubadili mawasiliano papo hapo, nikaweka namba mbili, yangu na ya mke wangu, pamoja na anwani ya karakana. Anayebadili namba, nyumba au sanduku la posta akiwa anasubiri afanye hivyo siku ile ile.

Barua inasema ombi limekubaliwa, na inataja yaliyobaki: kuukana uraia wangu wa Kenya na kuleta uthibitisho, kula kiapo cha utii, na kulipia cheti. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamruhusu raia wa kuzaliwa kuwa na uraia wa nchi nyingine bila kupoteza ule wa kwao, hivyo Kenya haikuwa inanidai niondoke. Sheria ya Tanzania ndiyo hairuhusu mtu mzima kubaki na uraia wa nchi mbili. Nilipomsomea mama kwa simu aliniuliza kama kule kwetu kuna mtu aliyenikosea. Nilimweleza mara tatu kwamba hakuna.

16 Februari 2024: Dar es Salaam, mara mbili

Nilisafiri kwa basi kwenda ubalozi wa Kenya Dar es Salaam. Nauli ilikuwa shilingi 38,000 kwa njia moja. Nilibeba nakala ya kawaida ya barua ya kukubaliwa, wakati maelekezo niliyokuwa nimeyapokea yalisema wazi kwamba nakala iwe imethibitishwa. Niliisoma sentensi hiyo nikiwa na furaha, na furaha haisomi vizuri. Nikarudi Moshi, nikaithibitisha, nikaenda tena baada ya siku nne. Safari hiyo ya ziada ilinigharimu nauli ya 76,000 na malazi ya 30,000.

Nilikabidhi pasipoti na kitambulisho cha taifa, nikasaini tamko la kuukana uraia, nikaelezwa kwamba uthibitisho utatoka Nairobi na utachukua wiki kadhaa. Afisa aliyenipokea alisoma majina yangu akaniuliza kwa Kitaita kama bado mama yuko. Nikajibu yuko. Akasema nimsalimie.

22 Machi 2024: Holili

Sehemu hii sikuipangia, na sidhani kama kuna fomu inayomwandaa mtu.

Jumanne mama alianguka akiwa anatoka kuteka maji, akapelekwa hospitalini. Kutoka Moshi hadi Holili hakufiki kilomita 50, na ng'ambo yake ndiyo Taveta. Katika maisha yangu yote ya hapa sijawahi kuiita safari. Lakini pasipoti yangu ilikuwa imekwisha kukabidhiwa, kitambulisho vilevile, na ya Tanzania sikuwa na haki nayo bado. Sikuwa na karatasi yoyote ya kuvukia. Watu walinikumbusha njia za porini ambazo sisi wa mpakani tunazijua tangu utotoni. Nilikuwa na barua ya Waziri kwenye kabati; sikuweza.

Nilimpeleka mke wangu na mtoto wa kati hadi Holili. Niliegesha pikipiki ya matairi matatu ya karakana penye kivuli, upande huu, nikawaangalia wakitembea kuelekea lile jengo, mke wangu amebeba kanga mbili mpya na chupa ya uji, mtoto ameshika cheti chake cha kuzaliwa kwenye mfuko wa nailoni. Nilikaa pale kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Mama alipewa simu saa nane. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini ilikuwa yake. Aliuliza niko wapi, nikamwambia niko Holili, akasema, "Basi uko karibu," kisha akataka kujua kama nimekula.

Alivunjika kiwiko, akaruhusiwa kurudi nyumbani baada ya siku sita, na dada yangu akahamia kwake. Kama nina nafasi ya kurudia, ningekwenda kukaa na mama wiki nzima kabla ya kukabidhi pasipoti, ningewaandalia ndugu fedha ya dharura, na ningekubaliana na mke wangu nani atavuka likitokea la kutokea. Pangeni miezi hiyo kama mtu anayejiandaa kwa mvua: hamjui siku, lakini msimu mnaujua.

17 Mei 2024: Kiapo

Uthibitisho kutoka Kenya ulikuwa na tarehe 29 Aprili, siku tatu baada ya nchi kuadhimisha miaka 60 ya Muungano. Niliutazama huo mkusanyiko wa bendera barabarani nikiwa bado sijawa wa upande huu kwa karatasi. Kati ya 29 Aprili na leo ni siku 18, na katika siku hizo sikuwa raia wa nchi yoyote duniani. Nilifanya kazi, nilikula, nililala, nilitengeneza pampu mbili za Chekereni zilizojaa tope la masika, na kila gari la polisi lililopita lilinifanya nishike mfuko wenye kibali. Wanaoishi hivyo miaka na miaka, nimewafikiria sana tangu siku hizo.

Kiapo nilikula mbele ya hakimu, saa tatu asubuhi, katika chumba chenye feni isiyofanya kazi. Ni maneno machache: kuwa mwaminifu na mtiifu kwa Jamhuri ya Muungano na kuilinda Katiba yake. Nilikuwa nimeyakariri, lakini nilipofika kwenye jina langu nilisita, kwa sababu hakimu aliniambia nilitaje kama lilivyoandikwa, na niliyatamka yote matatu taratibu nikihisi kila herufi niliyoilipia. Kisha hakimu aliniuliza kama naishi mbali, nikamjibu naishi Pasua, naye akasema basi nitawahi chakula cha mchana nyumbani. Cheti nilikipokea wiki iliyofuata.

Hesabu ya makosa yangu peke yake, mbali na ada na gharama ambazo zingekuwapo tu: tangazo lililorudiwa 240,000, hati isiyo sahihi 40,000, safari ya ziada ya Dar 106,000. Jumla ni shilingi 386,000. Wiki saba za barua iliyolala masijala sijui nizipe bei gani.

12 Julai 2024: NIDA na mengine

Kuwa na cheti hakubadilishi kumbukumbu nyingine zenyewe. Kitambulisho cha mkaazi mgeni nilikirudisha nikaanza usajili wa raia, nikiwa na cheti cha uraia, cha kuzaliwa, barua ya mtaa na ile hati ya kiapo, ambayo sasa nimeithibitisha nakala kumi. Kisha leseni ya biashara, TIN (namba ya mlipakodi), akaunti ya benki, usajili wa laini za simu. Nimefuata mpangilio huo kwa sababu kila ofisi iliuliza namba ya NIDA kwanza, na nilipojaribu kuanza na benki nilirudishwa. Kibali cha ukaazi kilichobaki na miezi kadhaa nilikikabidhi.

24 Agosti 2024: Taveta

Pasipoti imetoka. Ni ya buluu, kama ile niliyoikabidhi Dar es Salaam, na juu imeandikwa Jumuiya ya Afrika Mashariki kama ile; ukiziweka mezani, tofauti ni nembo, simba wawili wa Harambee kwa ile, na kwa hii mwanamume na mwanamke waliosimama juu ya Kilimanjaro. Mtoto wa kati ndiye aliyeliona hilo kabla yangu.

Leo nimevuka. Nilipanga foleni ya wageni wanaoingia Kenya, na afisa aliyekuwa dirishani, kijana ambaye ningeweza kumzaa, alifungua pasipoti isiyo na muhuri hata mmoja, akatazama mahali nilipozaliwa, akanitazama. Akauliza nakwenda kwa nani. Nikasema kwa mama. Akagonga muhuri wa miezi sita, haki ya kila raia wa Jumuiya, akanirudishia kwa mikono miwili.

Mama alikuwa amekaa nje, mkono umepona lakini haunyooki sawasawa. Nilimwamkia, tukala, ndipo akaomba aone hicho kilichonichukua muda wote huo. Nilimpa cheti kikiwa ndani ya plastiki yake. Hajui kusoma. Aliipapasa picha kwa kidole gumba, kisha akauliza kama jina wameliandika sawa. Nikamsomea yote matatu, langu, la baba, na la ukoo, kwa mpangilio ule aliouandikisha yeye mwaka 1978.